Neno Moja Kutoka Newala

Sisi wahubiri tunaishi kwa maneno ya wengine. Jumapili tunapopanda mimbarani tunamtaja Mathayo, tunamtaja Paulo, tunamtaja Luther, na mara nyingine tunamtaja mzee wa mtaa aliyesema jambo la hekima msibani. Tulipokuwa chuo cha theolojia, mwalimu wetu mmoja alikuwa na kalamu nyekundu isiyomhurumia mtu. Kila mahali tulipoandika wazo zuri bila kueleza tumelitoa wapi, aliandika pembeni: "Nani kasema?" Wakati ule wanafunzi wengi waliona ni usumbufu wa shule. Sasa, baada ya miaka ya uchungaji, tunaona kuwa swali lile ni la kiroho. Nani kasema? Nani alitutangulia? Tunadaiwa na nani?

Swali hilo limeturudia kwa nguvu hapa Mpitimbi, kwa njia ambayo hatukuitegemea. Tunalo kanisani kijana aliyekulia Shule ya Jumapili ya usharika wetu. Mama yake ni mjane, analima mahindi na maharage, na kila gunia aliloweza kuliuza lilikwenda kwenye ada. Kijana alisoma sayansi, akaendelea, na leo ni mtafiti wa magonjwa ya binadamu. Kazi yake ni minyoo ya watoto wa shule. Hupima, huhesabu, huandika, kisha makala zake huchapishwa katika majarida ya kitaalamu ya nje na ya ndani ya nchi.

Alikuja likizo ya Desemba. Ibada ilipokwisha na mnada wa mazao ukafungwa, alitusogelea. "Shikamoo Mchungaji. Naomba dakika chache." Tukakaa chini ya mwembe. Akatoa simu, akatuonyesha ukurasa wenye jina lake, na mbele ya jina kuna tarakimu.

"Nimeandika makala 3," alisema. "Watafiti wengine wamezitaja mara 11. Na katika hizo 11, mara 4 ni mimi mwenyewe nimejitaja."

Hakucheka. Alitueleza kwamba katika kazi yao, mtafiti anapoandika makala huorodhesha mwishoni kazi za wenzake alizozitegemea. Kila anayeorodheshwa anapata alama moja. Alama hizo hukusanywa na kompyuta, na siku ya kupandishwa cheo au kuomba fedha za utafiti, wakubwa hutazama jumla. Mwenzake waliyemaliza pamoja anazo mamia. "Nafikiria kuacha, Mchungaji. Ninafanya kazi isiyosomwa na mtu."

Mama yake alikuwa amekuja kumchukua, naye alisikia maneno ya mwisho. Akauliza: "Hao watoto uliowapima, walipewa dawa?"

"Walipewa, mama."

"Wote?"

"Wa shule zote mbili."

"Basi," mama akasema, akajitwika kikapu chake.

Jibu la mama ni jibu la Injili, nasi tungeweza kuishia hapo tukasema Amina. Lakini halikumtosha kijana, na tulipolitafakari tukaona ana hoja. Kama makala yake haisomwi, watoto wa shule ya tatu, ile iliyoko wilaya nyingine, wanabaki na minyoo yao. Mtafiti anaandika ili alichokiona kwa watoto wachache kiwafae watoto wengi. Kutaka kusomwa si lazima kiwe kiburi. Hata sisi tungeumia kama tungehubiri kila Jumapili kwenye mabenchi matupu.

Kabla hajaondoka tulimwomba atutafutie mfano mmoja. Je, ipo kazi ya utabibu iliyofanyika huku kwetu kusini, ikaandikwa, ikatajwa na dunia? Baada ya wiki alitutumia majibu kwa simu. Tumekaa na habari hiyo miezi kadhaa, nasi tunawaletea wapendwa wasomaji kama tulivyoielewa.

Makala yenyewe ilitoka mwaka 1955 katika jarida la chama cha wataalamu wa magonjwa ya nchi za joto, London. Mwandishi ni Marion Robinson. Ina kurasa 5 tu. Kichwa chake kinasema kwamba ni habari za mlipuko wa ugonjwa wa virusi katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, mwaka 1952 na 1953. Wazee wetu wanakumbuka kuwa Jimbo la Kusini la zama zile lilikuwa kubwa, na Songea ilikuwa ndani yake. Mkoa wa Ruvuma ulikuwa haujazaliwa. Kwa hiyo jina la nyumbani kwetu limo katika kichwa cha makala ile, ingawa mlipuko wenyewe ulikuwa mbali kidogo, Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde. Mto unatuunganisha. Ruvuma unazaliwa katika milima ya Matogoro, hapa Songea, unakwenda safari ndefu, na ukingoni mwa uwanda wa Newala watu husimama juu na kuutazama ukipita bondeni.

Watu wa uwanda ule walipatwa na homa kali ya ghafla, vipele mwilini, na maumivu ya viungo yasiyo na mfano. Mtu aliyeamka mzima alishindwa kunyoosha magoti. Wamakonde wakaupa ugonjwa jina kwa lugha yao, kutokana na jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu: chikungunya. Robinson aliandika dalili za wagonjwa. Katika jarida lilelile, mara baada ya kurasa zile 5, ikafuata makala ndefu ya W. H. R. Lumsden, mtafiti wa taasisi ya virusi iliyokuwa Entebbe, Uganda, aliyechunguza jinsi ugonjwa ulivyoenea. Uwanda wa Makonde una shida kubwa ya maji. Watu walikuwa wakishuka mabondeni kuchota, kisha wakayaweka maji nyumbani katika vyombo, na mbu aitwaye Aedes aegypti, anayeuma mchana, huzaliana katika maji ya namna hiyo. Mwaka 1956 R. W. Ross, naye wa Entebbe, akaandika jinsi virusi wenyewe walivyopatikana katika damu ya wagonjwa na katika mbu. Wengi wangedhani ni homa ya dengi, maana dalili zinafanana. Ikathibitika kuwa ni kitu kingine, na kile kitu kingine kikabaki na jina lake la Kimakonde.

Baada ya hapo, kimya. Si kimya kabisa, kwa kuwa ugonjwa ulionekana Bangkok mwaka 1958 na Calcutta mwaka 1963, na watafiti wachache waliendelea kuushughulikia. Lakini kwa wengi ulikuwa ugonjwa wa mbali, wa watu maskini, usioua wengi. Kurasa 5 za Robinson zilikaa katika makabati ya maktaba.

Halafu ukaja mwaka 2004. Ugonjwa ulizuka Lamu, pwani ya Kenya, na uchunguzi wa damu ukaonyesha kwamba watu kama 3 kati ya kila 4 waliambukizwa. Mwaka 2005 ukafika Komoro. Kutoka huko ukafika kisiwa cha Réunion, ambako kufikia mwaka 2006 watu wapatao 266,000 walikuwa wameugua, yaani mmoja kati ya kila watatu. Kisiwa kile ni sehemu ya Ufaransa, kina hospitali na maabara za Kifaransa. Ghafla ugonjwa wa mbali ukawa wa karibu. Mwaka huohuo wa 2006 India ilihesabu wagonjwa zaidi ya milioni 1. Mwaka 2007 ukaonekana katika vijiji vya Italia. Desemba 2013 ukafika visiwa vya Karibi, na katika mwaka mmoja uliofuata wagonjwa walioshukiwa huko Amerika walizidi milioni 1.

Kila daktari aliyekaa kuandika juu ya milipuko hiyo ilimpasa kuanza mahali fulani. Wengi wakaanza vilevile: ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza huko Newala, Tanganyika. Na mwishoni mwa makala, katika orodha ya wanaodaiwa shukrani, likaandikwa jina la Robinson. Mamia kwa mamia ya makala zimefanya hivyo. Kurasa 5, zilizoandikwa kwa ajili ya wagonjwa wa uwanda mmoja, zimekuwa msingi ambao wengine wamejengea.

Kijana wetu alituambia kwamba wataalamu wanazo hata lugha zao za mambo haya. Mdachi mmoja, van Raan, mwaka 2004 aliziita makala zinazokaa miaka mingi bila kuangaliwa, kisha zikaamshwa, "warembo waliolala". Sisi tuliposikia tulikumbuka punje ya haradali na mbegu inayoota mpanzi akiwa amelala, asijue imeotaje. Mkulima wa Mpitimbi anaelewa. Hakuna anayesimama shambani usiku kucha akihesabu mbegu ngapi zimepasuka.

Hata hivyo hesabu ipo, na ni vema tujue ilikotoka. Mwaka uleule wa 1955, Mmarekani aitwaye Eugene Garfield aliandika katika jarida la Science akipendekeza itengenezwe faharasa ya nani amemtaja nani. Wazo alilitoa kwa wanasheria, ambao walikuwa na kitabu cha kuonyesha kila hukumu ya zamani imetajwa na hukumu zipi za baadaye. Garfield alitaka msomaji mwangalifu aweze kujua kama makala anayoitegemea imekwisha kukosolewa au kupitwa na wakati, ili asiendelee kueneza kisicho kweli. Shabaha hiyo ilikuwa safi. Faharasa yenyewe ikaanza kutoka mwaka 1964. Kadiri miaka ilivyopita, kile kilichokuwa ramani ya mawazo kikatumika kama mizani ya watu.

Mwaka 2005, wakati Réunion inaanza kuugua, mwanafizikia Jorge Hirsch wa California akatoa kipimo kinachoitwa kwa herufi h. Kijana alipotueleza tulikihamishia shambani. Tuseme mkulima ana mashamba 10. Kama mashamba 5 yametoa angalau gunia 5 kila moja, na hawezi kupata mashamba 6 yaliyotoa angalau gunia 6 kila moja, h yake ni 5. Kipimo hicho kinampenda mkulima mwenye mashamba mengi ya wastani. Mwenye shamba 1 lililotoa gunia 500 na kulisha kijiji wakati wa njaa, h yake ni 1. Vivyo hivyo mtu akiandika makala moja tu katika maisha yake, hata dunia nzima ikiitaja, h yake haitavuka 1.

Wanasayansi wenyewe wameona hatari. Mwaka 2012 baadhi yao walikutana San Francisco na kutoa tamko wakisema kwamba mtu asipimwe kwa tarakimu za jarida alilochapisha, kazi yake yenyewe isomwe. Tuliposoma hayo tuliona wamegundua kwa njia yao jambo ambalo kanisa hulisahau mara kwa mara. Daudi naye, katika kitabu cha pili cha Samweli sura ya 24, aliwahesabu watu wake, na moyo wake ukamchoma baada ya kuhesabu. Hesabu haikuwa ya uongo. Shida ilikuwa kile ambacho mfalme alitaka hesabu ile imwambie juu yake mwenyewe.

Liko jambo jingine lililotushangaza, nalo lilitupa kicheko na huzuni kwa pamoja. Makala nyingi za kitaalamu, zikieleza asili ya jina chikungunya, zimeandika kuwa ni neno la Kiswahili. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunajua kwamba silo. Ni la Wamakonde. Mwandishi mmoja alikosea, wa pili akanakili kwa wa kwanza, wa tatu kwa wa pili, kila mmoja akaweka rejea yake nadhifu, hadi wengine wakalazimika kuandika kusahihisha. Kumbe kutajwa si sawa na kusomwa. Mtu anaweza kuitaja makala ambayo hajaifungua.

Katika Katekisimu Ndogo tunafundisha watoto wa Kipaimara amri ya nane, ya kutomshuhudia jirani uongo. Tukiifundisha huwa tunawaza masengenyo ya kisimani na mashahidi wa mahakamani. Lakini yule aliyewanyang'anya Wamakonde neno lao naye ameshuhudia uongo, ingawa alikuwa London au Paris na hakumchukia mtu. Na ziko hadithi za mimbarani zinazozunguka kutoka usharika hadi usharika, kila mhubiri akiapa kwamba zilitokea, na hakuna anayejua zilitokea wapi wala kwa nani. Lile swali la kalamu nyekundu linawahusu wahubiri kama linavyowahusu watafiti.

Tukifuata swali hilo mpaka mwisho, tunafika mahali ambapo orodha za marejeo zinanyamaza. Nani kasema chikungunya kwa mara ya kwanza? Labda ni bibi aliyemtazama mjukuu wake akishindwa kunyooka. Labda ni kijana aliyekuwa akimtania mwenzake kabla naye hajaanguka. Neno lake leo liko katika vitabu vya tiba vya kila lugha, na jina lake haliko popote. Tena kuna damu. Mwaka 1953 mgonjwa mmoja wa huko alitolewa damu, na virusi waliopatikana humo wakapewa alama S27. Mpaka leo maabara za nchi nyingi huwatumia kama kielelezo cha kulinganishia. Mgonjwa yule alitoa mchango ambao profesa yeyote angeuonea fahari, naye anajulikana kwa herufi 1 na tarakimu 2.

Hapo ndipo Marko 14 iliposema nasi upya. Mwanamke anakuja nyumbani kwa Simoni mkoma, kule Bethania, anavunja chupa ya marhamu na kummiminia Yesu kichwani. Waliokuwapo wanapiga hesabu: ingeuzwa kwa dinari zaidi ya 300. Yesu anamtetea, na anaahidi kwamba popote Injili itakapohubiriwa duniani, tendo la mwanamke yule litasimuliwa kwa ukumbusho wake. Hakuna mtafiti aliyepata ahadi ya kutajwa iliyo kubwa namna hiyo. Nayo imetimia, maana hata hapa Mpitimbi tunamtaja. Lakini Marko hakuandika jina lake. Yohana katika habari inayofanana anamtaja Mariamu, ila Marko anamwacha bila jina, na inaelekea hakuona kwamba ahadi ya Yesu imepungukiwa. Yesu alimjua. Tendo lilimfikia aliyekusudiwa.

Kwa upande mwingine, Paulo katika Warumi 16 hataki mtu apotee. Anamtaja Fibi, Priska na Akila, mama yake Rufo, na wengine wengi. Hata Tertio, aliyeshika kalamu, anapata nafasi ya kutoa salamu zake mwenyewe. Sura ile wasomaji wengi huiruka, wakiona ni orodha ya majina tu. Sisi tumeanza kuisoma kama ukurasa wa shukrani. Mtume anakiri kwamba waraka mkubwa kuliko zote alizoandika una wadai wengi nyuma yake.

Tukaiweka Marko 14 na Warumi 16 pamoja, tukaona njia. Kwa habari ya wengine, tuwe kama Paulo: tutaje, tushukuru, tusimwache hata aliyeshika kalamu. Kwa habari ya nafsi zetu, tuwe kama yule mwanamke: tuvunje chupa, tumimine, kuhesabiwa tumwachie Bwana. Tatizo letu ni kwamba tunapenda kubadilishana nafasi hizo. Wenzetu tunawaacha bila majina, na sisi tunataka sura ya 16 nzima.

Imani yetu ya Kilutheri inasimama juu ya jambo hili. Mtu hahesabiwi haki kwa matendo yake, na kwa sababu hiyo hahesabiwi haki kwa marejeo yake. Mbele za Mungu, mtafiti mwenye alama 11 na mwenye alama 11,000 wanapokea mkate uleule na kikombe kilekile. Matendo mema tunayatenda kwa kuwa jirani anayahitaji. Wale sabini wa Luka 10 walirudi wakishangilia jinsi pepo walivyowatii, na Bwana akawaelekeza kwenye furaha nyingine, ya majina yao kuandikwa mbinguni. Orodha ile haina kompyuta ya kuijumlisha.

Hayo tulimwandikia kijana wetu, kwa maneno machache kuliko haya. Hatukumwambia aache kujali kusomwa. Tulimwambia aandike kwa uwazi zaidi, ili mganga wa zahanati amwelewe, na apeleke matokeo yake kwa walimu wa shule zile alizopima, maana wao hawako kwenye orodha ya mtu yeyote. Alijibu baada ya muda. Katika makala yake ya 4 ameweka shukrani kwa wahudumu wa afya wa vijiji na kwa walimu, na ameandika jina ambalo watoto wenyewe huwaita minyoo wale, pamoja na lugha linakotoka. Cheo hajapandishwa. Anakiri kwamba bado huifungua simu usiku kutazama tarakimu. Mama yake bado humwuliza swali lilelile kila anapopiga simu, na sasa anasema huwa linamsaidia kulala.

Jambo lile limetufaa na sisi tuliobaki nyumbani. Mwaka huu usharika ulipomaliza kujenga nyumba ya mwinjilisti, ilipendekezwa katika baraza kwamba majina ya waliochanga fedha nyingi yachongwe ukutani. Mama mmoja wa umoja wa wanawake aliinua mkono: na sisi tuliobeba maji ya kufyatulia tofali, tutachongwa wapi? Wazee walitazamana. Mjadala ulikuwa mrefu, na haukuwa wote wa upole. Mwishowe tukakubaliana ukutani uandikwe mwaka tu, na katika kitabu cha usharika yaandikwe majina yote, ya waliotoa fedha, ya waliofyatua, ya waliobeba maji, ya waliowapikia mafundi. Yalifika majina 63. Tuliyasoma yote ibadani. Ilichukua muda, na watoto walianza kusinzia, lakini bibi mmoja aliposikia jina lake alisimama kama aliyeitwa.

Tulipokuwa tukiyasoma tuliwaza wale wanawake wa Newala wa 1952, wakipanda kutoka bondeni na maji kichwani. Hawakujua kwamba katika vyombo vile, pamoja na uhai wa nyumba zao, walikuwa wanahifadhi pia jibu ambalo watafiti wangelitafuta. Mpaka leo hakuna dawa ya kuwaua virusi wale ndani ya mtu. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, na mwaka 2025 kibali chake huko kikasimamishwa kwa sababu za usalama. Kazi haijaisha, na ushauri wa tangu enzi za Lumsden haujachakaa: funika maji yako, mwaga yale yasiyotumika. Mjumbe wa nyumba kumi anayepita akiwakumbusha jirani zake kufunika mapipa anaendeleza utafiti ule, na hakuna faharasa itakayompa alama.

Ndugu msharika, wewe unayesoma insha hii huenda hujawahi kuandika makala wala huna mpango huo. Lakini una wimbo wa kwaya uliofundishwa na mtu, una mbegu uliyopewa na jirani, una sala uliyoisikia kwanza kinywani mwa mama yako. Wataje. Wiki hii, kabla ya Jumapili, mwendee mmoja aliye hai umwambie, na aliye lala usimulie habari zake kwa watoto. Katika Luka 17 waliponywa 10, akarudi 1 kushukuru, naye alikuwa mgeni. Yesu aliuliza wale 9 wako wapi, akionyesha kwamba shukrani isiyosemwa huonekana pengo lake. Na kama kazi yako wewe haijatajwa na mtu, endelea nayo kwa uaminifu. Huenda iko kama kurasa zile 5, inamngojea mtu ambaye hajazaliwa. Huenda haitatajwa kamwe, na bado mtoto mmoja amepewa dawa.

Ee Bwana, unayewajua kwa jina wale tunaowajua kwa namba, tufundishe kukiri deni letu, na utuondolee hofu ya kusahauliwa. Amina.